Nishani za rubani zina karatasi, nyota za babu hazina

Katika duka moja la vitu vya kale hapa Malindi nilionyeshwa sinia la mbao. Ndani mlikuwa na nyota mbili za shaba, yaani nishani za vita zenye umbo la nyota, nishani moja ya duara, na beji ya kitambaa yenye mabawa na taji. Nikauliza ni za nani. "Za rubani, mama." Rubani gani? "Wa vita vya Hitla." Hakujua zaidi ya hapo, na simlaumu, maana aliyemuuzia naye hakumwambia kitu.

Vitu kama hivi kuonekana pwani yetu si ajabu. Oktoba 1940 ndege za Waitaliano ziliudondoshea mji huu mabomu. Vikosi vya anga vya Afrika Kusini viliruka kutoka Kenya kuwapiga Waitaliano waliokuwa Somalia na Uhabeshi, na Kismayu ikatekwa Februari 1941. Baadaye wakaja walowezi na wastaafu, Waingereza na Waitaliano, kila mmoja na sanduku lake. Wenye masanduku wakifa, warithi hufungua, na yaliyomo huishia sokoni.

Basi mjadala ni huu: je, ni haki nishani ya mtu aliyehatarisha roho yake kuuzwa kama birika la shaba?

Wanaopinga wana hoja nzito. Nishani haikununuliwa, ilitolewa kwa mtu mmoja kwa jambo alilolitenda, na anayeivua kwenye ukoo wake huwa ameikata ulimi. Tena biashara huzaa udanganyifu. Nyota za vita vile, kama Waingereza walivyozitoa, hazikuandikwa jina. Nyota ya rubani na nyota ya mpishi wa kambi zimetoka kwenye kalibu moja. Kwa hiyo mtu huchukua nyota zisizo na mwenyewe, akaziwekea beji ya mabawa juu, na bei ikapanda maradufu.

Hata sinia lile lilinitia shaka. Taji la enzi ya Mfalme George wa Sita lina matao yaliyopanda na kuviringana juu. La enzi ya Malkia Elizabeth, aliyetawala kuanzia 1952, lina matao yaliyobonyea katikati. Taji la beji ile lilibonyea. Huenda mwenyewe aliendelea kuruka baada ya vita akabadilishiwa beji, au huenda iliongezwa juzi ili kupamba biashara. Beji za marubani wa Italia nazo zina alama yao: tai wa kabla ya 1946 ana taji la kifalme kichwani, na wa baada ya jamhuri ana taji la minara. Mtu akikuuzia tai wa minara kwamba ndiye aliyeruka juu ya Malindi 1940, mrudishie.

Lakini nani anayajua haya? Wakusanyaji wa nishani. Hapa ndipo ninapoanza kuwatetea. Mkusanyaji wa kweli hupima kipenyo cha nishani za vita vya kwanza vya dunia, ambazo majina ya wenyewe yaliandikwa ukingoni, akijua kwamba ya kawaida ni milimita 36. Ikipungua, ukingo umepigwa tupa ili jina la kwanza lifutwe na lingine liandikwe. Anajua kwamba nishani za Afrika Kusini za vita vya pili zina namba na jina la askari, hivyo kipande kimoja tu chatosha kumrudisha mtu kutoka usahaulifuni. Anajua kwamba msalaba wa ushujaa wa marubani wa Uingereza uitwao DFC, ulioanzishwa Juni 1918, una utepe wa milia ya zambarau na nyeupe iliyokaa mshazari, na kwamba ile iliyotolewa katika vita vya pili, zaidi ya 20,000, ilichongwa mwaka tu nyuma yake, bila jina.

Akishapata jina, ana pa kwenda. Tuzo za Uingereza zilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali yao, London Gazette. Katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lao iliyoko Kew, London, fungu la AIR 27 lina shajara za vikosi vya anga: ndege gani iliondoka, saa ngapi, nani walikuwemo, ikarudi au haikurudi. Nimewahi kuona mkusanyaji akimtafutia mjukuu safari ya mwisho ya babu yake kwa njia hii, jambo ambalo familia haikulijua kwa miaka sabini. Siwezi kumwita mtu huyo mwizi wa heshima.

Ila hoja hiyo hiyo inayowatetea kwa marubani inawageukia kwa watu wetu. Nyota ya rubani ikihama nyumba, jina lake limebaki Kew. Nyota ya askari wa keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), aliyetoka huku akapelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nayo haina jina, na mara nyingi anayejua ni ya nani ni bibi mmoja aliyekaa barazani. Ikiuzwa kwa mpita njia, imekwisha. Kwangu mimi, hizi si biashara mbili zinazofanana, na wanaozihukumu kwa neno moja, ama "zote ziruhusiwe" ama "zote zipigwe marufuku", wanakosea.

Sheria haitusaidii sana. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Milango ya nakshi, kama ile ya Lamu, imepewa ulinzi wake hadi iliyochongwa kabla ya 1946. Nyota iliyotolewa mwaka ule ule mlango ulipochongwa haimo. Kuna wanaotaka marufuku kamili. Mimi naogopa marufuku, kwa sababu kitu kinachouzwa gizani hupoteza karatasi zake kwanza: barua, picha, kitabu cha safari za rubani. Waziri tayari ana uwezo wa kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa. Autumie kwa nishani za keya zilizo na hati zake, na zilizobaki tuziandikishe.

Sitamlaumu pia mzazi anayeuza ili alipe karo. Ninachomwomba ni apige picha mbele na nyuma, aandike jina, kikosi na kijiji, karatasi iende na nyota. Mnunuzi anayeikataa karatasi hiyo asiuziwe.

Jirani yangu ana Nyota ya Burma ya babu yake ndani ya mkebe wa biskuti, utepe umeliwa na nondo upande mmoja. Wiki iliyopita tuliketi tukaandika tunayoyajua: jina lake, jina la baba yake, shamba lao, na kwamba alirudi kwa meli hadi Mombasa. Mwaka aliorudi hatukuupata. Shangazi yake mkubwa yuko Mambrui na bado ana kumbukumbu nzuri. Tumepanga kumwendea Ijumaa, baada ya sala.