Tony Adams aliacha pombe: ushuhuda wake unamfaa nani?

Tarehe 3 Mei 1998, uwanjani Highbury, Steve Bould aliupenyeza mpira juu ya mabeki wa Everton. Tony Adams, beki wa kati na nahodha wa Arsenal, akaukimbilia na kuufumua kwa mguu wa kushoto. Bao la nne, Arsenal bingwa wa Ligi Kuu ya England. Wengi hulikumbuka bao. Mimi hukumbuka kwamba mfungaji alikuwa hajatimiza hata miaka miwili tangu aache pombe.

Nahodha huyu alifungwa mwishoni mwa 1990 kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Jela haikumwachisha, alitoka, akaendelea kunywa na kunyanyua makombe. Mpaka Septemba 1996 ndipo alipowaambia wachezaji wenzake kuwa yeye ni mlevi.

Wanaotetea ushuhuda wa namna hii wana hoja nzito. Mraibu ana kinga moja anayoishikilia kuliko zote: mbona kazini naenda, mbona sijalala mtaroni? Adams aliivunja kinga hiyo. Ikiwa mtu anaweza kuwa bingwa huku pombe inammaliza, basi kuamka na kwenda kazini hakuthibitishi chochote. Daktari anaweza kuyasema hayo mwaka mzima asisikilizwe.

Lakini simulizi ya nyota ina kasoro yake, nayo si ndogo. Nyuma yake kuna klabu, mshahara, madaktari, na mwishoni kuna kombe. Anayeacha pombe akajikuta bado na madeni yaleyale na mke aliyekwisha kuondoka atajiuliza amekosea wapi. Hajakosea popote. Kombe halikuwa tiba.

Kisha kuna Paul Merson, mwenzake Adams pale Arsenal. Novemba 1994 alikiri uraibu wa pombe, kokeini na kamari, akalia mbele ya waandishi wa habari. Alishangiliwa kama aliyepona. Kamari ikamrudia, na mwenyewe amelieleza hilo hadharani bila kujificha. Wapo wanaosema kurudia kwake kuliufanya ushuhuda wa kwanza kuwa bure. Nalikataa hilo kabisa. Uraibu hurudi, na anayesikia kwamba hata Merson alianguka akainuka tena amepewa kitu ambacho bao la Adams haliwezi kumpa. Kinachonitia shaka ni sisi watazamaji, tunaompandisha jukwaani mtu ambaye bado anahesabu siku zake, kisha tunamtaka asiteleze.

Adams hakuishia kwenye maneno. Mwaka 2000 alianzisha Sporting Chance, kituo cha kuwatibu wanamichezo walionaswa na uraibu. Wapo watakaolalamika kuwa kinahudumia wanamichezo tu, na ni kweli, fundi wa kawaida hana mlango pale. Hata hivyo, kwangu hapo ndipo mizani inapolalia upande wake: aliyeguswa na ushuhuda ana mahali pa kwenda kesho yake asubuhi. Ushuhuda usio na namba ya simu wala chumba cha kukutania humwacha msikilizaji na machozi tu.

Katika njia ya hatua 12, ile ya vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha, ambayo wengi huifuata, kuwapelekea wengine ujumbe ni hatua ya mwisho. Zinazotangulia ni 11. Kati ya glasi ya mwisho ya Adams na kufunguliwa kwa kituo chake ilipita takriban miaka minne.