Pimeni waya kwanza, hukumu ya pedeli ingoje

Lori linakataa kupanda mzunguko. Limebaki kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa wa injini, taa ya injini inawaka, dereva anakanyaga mafuta mpaka chini na hakuna kitu. Fundi anasoma kodi, yaani namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya lori, anaona neno pedeli (ya mafuta), anaagiza pedeli. Hili linaniudhi mno, kwa sababu mwenye lori analipa, lori linatembea siku mbili, likikutana na mashimo ugonjwa unarudi.

Kodi haijasema pedeli imekufa. Kwenye malori ya J1939, lugha ambayo kompyuta za malori huzungumza, SPN ni namba ya kitu kinacholalamikiwa na FMI ni aina ya kosa. SPN 91 ni nafasi ya pedeli ya mafuta, na kosa laweza kuwa popote kwenye mzunguko wake wa umeme, waya na soketi zikiwemo. FMI 3 ni volti ya juu kupita kiasi, FMI 4 ni ya chini. Kwa kawaida hasi ikikatika, ishara hupanda kuelekea volti 5. Volti 5 ikipotea, ishara huanguka. Yote mawili ni makosa ya waya.

Pedeli nyingi zina sensa mbili (vihisi vya nafasi ya pedeli) na waya sita: kila sensa ina volti 5 yake, hasi yake na ishara yake. Chomoa soketi, fungulia swichi bila kuwasha injini, pima volti 5 dhidi ya hasi ya sensa hiyohiyo. Msitumie bodi ya lori kama hasi! Ukigusa bodi, multimita itakuonyesha 5 hata kama waya wa hasi umekatika, na hapo ndipo pedeli nzima inatupwa. Volti 5 ikiwa imeshuka, chomoa moja moja sensa nyingine zinazotumia laini hiyo hadi irudi; moja yenye shoti inaangusha zote.

Kisha rudisha soketi, pima ishara kwa nyuma ya soketi kwa sindano nyembamba. Ncha nene ya multimita ikisukumwa mbele hupanua pini ya kike, na umeongeza tatizo la pili. Kanyaga polepole. Kwenye pedeli nyingi ishara ya kwanza hupanda kutoka takriban 0.7 hadi karibu 4, ya pili ikibaki nusu yake muda wote. Nyingine zina mpangilio tofauti, kitabu cha lori ndicho mwamuzi. Huku mwenzako amekanyaga, tikisa waringi.

Tikisa hasa pale kabini inapoinukia na pale waya zinapopenya ukuta wa kabini. Ganda la waya linaweza kuonekana zima kabisa huku shaba ndani imekatika. Uvute taratibu: waya mzima unakaza, uliokatika unanyumbuka kama mpira. Angalia pia kutu ya kijani ndani ya soketi.

Sawa, pedeli nazo hufa. Volti 5 na hasi zikiwa imara kwenye soketi na ishara bado inaruka ukikanyaga, badilisha.

Ukipata waya mbovu, zima swichi, toa betri, kata hadi shaba safi. Viungo visikae sambamba. Weka mrija wa kusinyaa kwa joto wenye gundi. Nailoni ya umeme peke yake huingiza maji. Acha ulegevu penye bawaba, funga waringi mbali na chuma, kisha inua na shusha kabini mara kadhaa huku multimita ikisoma ishara.