Nani Amlipe Mlinzi wa Shule?

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali Dar es Salaam akitamka neno "mchango" kikaoni, anajua kibarua chake kinaweza kuota nyasi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango, na Januari 2018 Rais Magufuli akakaza zaidi: asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu ya mchango. Tangu hapo, mkuu wa shule anayebisha hodi kwa wafanyabiashara, misikiti na makanisa ya jirani hutazamwa kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma wa kurudisha ada.

Tumtazame kwa hesabu zake kwanza. Ruzuku ya uendeshaji kutoka serikalini ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo hushuka shuleni. Zigawe kwa siku 194 za masomo, utapata kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Andazi halinunuliki. Shule yenye watoto 1,000 inabaki na shilingi 500,000 kwa mwezi za chaki, karatasi za mitihani, bili za maji na umeme, na kitasa kilichovunjwa. Mlinzi naye anasubiri mwisho wa mwezi. Kiwango hicho cha 10,000 kiliwekwa mwaka 2002 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kikiwa sawa na dola 10 hivi. Miaka 20 baadaye kilikuwa kile kile, na dola ilishapita shilingi 2,300. Elimu imeitwa bila malipo, lakini mlinzi hajawahi kukubali kulinda bila malipo.

Serikali yenyewe inalijua hilo. Mwaka 2016, uandikishaji ulipofurika na watoto wakakaa sakafuni, madawati hayakutoka kwenye ruzuku. Zilifanyika harambee, kampuni zikachanga, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake. Mkuu wa mkoa akichangisha ni uzalendo. Mwalimu mkuu akifanya hivyo anaonekana mkosaji. Tofauti hiyo sijaielewa hadi leo.

Wanaopinga shule kuchangisha wana hoja, na wazazi wengi wanaikumbuka kwa uchungu. Darasa la mjini linachanganya mtoto wa karani, wa dereva wa bodaboda na wa mama lishe. Orodha ya wasiolipa mchango ikisomwa mstarini, wote wanajua nani ni nani kabla ya kengele ya kwanza. Mchango wa "hiari" wa namna hiyo ni ada iliyobadilishwa jina, na marufuku ilistahili.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Shule iliyo jirani na benki itapata kompyuta, na ile ya Mbagala inayosoma kwa zamu itapata ahadi. Ni kweli, ila marufuku haikuondoa pengo hilo. Olympio na Diamond, pale Upanga, ni shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza na wazazi wanalipia. Mwenye nacho alishapewa njia halali. Anayetiliwa shaka ni jirani wa shule ya kawaida.

Tena si kila mshirika hufuata penye neema. Amend, shirika la usalama barabarani, kupitia mpango wake wa SARSAI, lilipima hatari za barabarani kuzunguka shule za jiji hili, likaweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu pale watoto walipokuwa wakigongwa zaidi. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross ya miji. Hakuna mtoto aliyedaiwa senti ili avuke salama.

Kwa hiyo mstari uchorwe penginepo. Chochote kinachodaiwa kwa jina la mwanafunzi kibaki marufuku. Lakini mwenye duka la vifaa, imamu, mchungaji au chama cha bodaboda akitaka kutoa, kamati ya shule ipokee kupitia akaunti ya shule na ibandike kiasi kwenye ubao wa matangazo. Kupeleka kila mchango manispaa ili ugawanywe kwa haki kunavutia kwenye karatasi. Ila muuza mabati wa Temeke hutoa kwa sababu paa atakaloezeka analiona kila asubuhi akifungua duka. Ukimwambia alipie paa la shule asiyoijua, atakuambia atafikiria.