Shabu inazikamata chembe za nano, shida ni tunakozitupa

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na tangazo la mashine ya kuchuja maji mpaka zile chembe za nano za metali, bei yake ni mbuzi watatu wazima, na watu wanatishika kweli. Jamani tulieni kwanza.

Chembe zipo, sibishi. Titani iko kwenye rangi za ukuta na losheni za kuzuia jua, madini ya fedha yako kwenye zile soksi zisizonuka, ukifua zinaondoka na maji. Zile kubwa kabisa ni nanomita 100, yaani upange 10,000 ndo ufikishe milimita moja, kwahiyo chujio la mchanga peke yake nyingi zinapenya tu. Kuchemsha ndo kabisa, maji yanapungua zenyewe zinabaki.

Ila shabu, hii hii ya dukani kwa Mangi, inazikamata. Chembe nyingi zina chaji hasi ndo maana zinasukumana na kuelea, ukitia shabu ile aluminiamu yenye chaji chanya inaua msukumano, zinagandana zinakuwa mabonge yanayozama, mchanga unamalizia. Kazi iko kwenye dozi. Mvua ikinyesha mto unajaa majani yaliyooza, yale maji ya rangi ya chai yanazivika chembe zinakuwa sugu, inabidi fundi wa mtambo wa maji ajaze bika (glasi za maabara) kadhaa, kila moja dozi yake, akoroge haraka halafu polepole aone ipi imetulia vizuri. Akikadiria kwa macho tu imekula kwetu.

Zikishayeyuka kabisa, hasa fedha na zinki, hapo shabu inazidiwa, lazima kichujio kingine. Dk. Askwar Hilonga, akiwa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, alichukua tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa kichujio cha mchanga na nano zenyewe, wala hakikutoka ng'ambo.

Sasa kinachoniudhi: chembe zikishakamatwa haziyeyuki hewani, zinakaa kwenye tope, na mitambo mingi ya kusafisha maji, sio ya Bongo tu, tope linafunguliwa kurudi mtoni, na huko chini kuna watu wanachota hivyo hivyo na ndoo. Hela ikipatikana mimi ningejenga vitanda vya kukaushia tope kwanza, hizo mashine za mbuzi watatu zisubiri.