Pontiac Fiero: gari lililozimwa mwaka lilipopona

Ukimtajia mpenzi wa magari jina la Fiero, atakwambia linaungua. Ni kweli, yaliungua. Lakini naamini gari hili lilionewa: mwaka General Motors (GM), waliokuwa na chapa ya Pontiac, walipolirekebisha sawasawa ndio mwaka walipofunga kiwanda chake.

Fiero iliundwa katika mji wa Pontiac, Michigan, kwa modeli za 1984 hadi 1988, na yalitoka zaidi ya 370,000. Ina viti viwili, na injini imekaa nyuma ya viti hivyo. Aliyeongoza kazi ni Hulki Aldikacti, mhandisi mzaliwa wa Uturuki. Kwa kuwa GM tayari ilikuwa na Corvette na haikutaka gari jingine la michezo, mradi ulipitishwa kwa sura ya gari dogo la kwendea kazini, lisilokula mafuta. Bajeti ikawa finyu, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia.

Chini ya gari walijaza spea za kuazima. Saspensheni ya mbele ilitoka Chevette, gari dogo la GM. Ya nyuma ni ile ya mbele ya Chevrolet Citation, imehamishiwa nyuma pamoja na injini, na tairodi zake (fimbo zinazogeuza tairi), badala ya kushikwa na usukani, zikafungwa kwenye kitanda cha injini, yaani fremu ndogo inayoibeba. Matokeo yake, tairi la nyuma likipanda tuta hugeuka kidogo lenyewe. Tairodi na bushi (mipira ya maungio) zikiwa nzima dereva hazingatii sana. Zikichakaa, gari hutangatanga kwenye mwendo mkali. Anayelinunua leo alinyanyue nyuma, alishike tairi kushoto na kulia, alitikise. Likicheza, aanzie kwenye tairodi.

Sasa moto. Injini ya kwanza ilikuwa Iron Duke ya lita 2.5, nguvu za farasi 92. Sampu yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa ndogo, ikibeba oili isiyofika lita 3. Kifuniko cha injini iliyo nyuma ya viti hakifunguliwi mara kwa mara, na mwenye gari akisahau kupima wiki kadhaa, oili hupungua bila yeye kujua. Konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) za modeli ya 1984 nazo zilikuwa za kusubu, nyingine na kasoro. Oili ikipungua, konrodi hukatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, oili humwagika juu ya manifodi ya eksozi (bomba la kutolea moshi) iliyo moto, na inawaka. Mnamo 1987 magari ya 1984 yaliitwa gereji kurekebishwa, na sehemu ya dawa ilikuwa kuongeza kiasi cha oili. Kwa hiyo hata leo, kwenye Fiero ya silinda 4, dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ivutwe kila unapojaza mafuta.

Jambo jingine linaloharibu injini hizi halisemwi sana, na mara nyingi mkosaji ni fundi. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji husafiri katikati kwa mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya milango. Fundi asiyelijua gari huweka jeki hapo hapo. Bomba linabonyea, maji hayapiti vizuri, injini inachemka, na lawama inaangukia thamostati, vali inayoruhusu maji kupita injini ikipata joto. Wakati wa kubadilisha maji, usijaze kwenye rejeta peke yake, kwani hewa itabaki upande wa injini. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha thamostati kule nyuma, itoe thamostati yenyewe, jaza hapo mpaka maji yatulie juu, kisha uirudishe.

Kilichokuwa cha kwake hasa ni fremu. Ilichomelewa kwa chuma, ikabanwa kwenye mashine moja, na sehemu zote za kufungia bodi zikachongwa na kutobolewa kwa pamoja. Bodi ya plastiki ilifungwa mwishoni, kwa hiyo gari liliweza kuendeshwa hata likiwa uchi. Saturn, chapa nyingine ya GM, walifuata njia hiyo baadaye. Ubaya wake ni kwamba plastiki haishiki kutu, basi gari hung'aa huku chuma kinaoza ndani. Kutu hupenda trei ya betri na mihimili ya fremu pembeni mwa buti, nyuma ya matairi.

Modeli ya 1988 ndiyo Fiero waliyoikusudia tangu mwanzo: saspensheni mpya mbele na nyuma, nyuma zile tairodi hazipo tena. Injini ya V6 (silinda 6) ya lita 2.8 ilikuwepo tangu 1985. Lakini sifa ilikwishachafuka, mshindani wake Toyota MR2 ilikwishaingia sokoni, na mauzo yakaporomoka kutoka zaidi ya 136,000 ya modeli ya kwanza hadi elfu 26 hivi. Agosti 1988 uzalishaji ukakoma.

Kwa kuendesha, 1988 yenye V6 haina mpinzani katika familia hii. Kasoro yake ni spea: vitovu vyake vya tairi za mbele vyenye beringi ni vya mwaka huo mmoja tu, na vipya ni shida kupatikana. Asiye na fundi wa kumtegemea achukue V6 ya 1986 au 1987, ambayo saspensheni yake inatumia vifaa vya kawaida vya GM, na apige tochi kwenye ile mihimili ya nyuma kabla ya kuzungumza bei.