Kura ya mtandaoni: nani mwingine yumo chumbani?

Kituturi, kile kibanda cha kupigia kura, kina kazi moja ambayo wapenzi wa kura ya mtandaoni huisahau: kinakulazimisha uwe peke yako. Hata ukitaka, huruhusiwi kuingia na mume, bosi au wakala aliyekulipa. Ukitoka, kila mmoja utamwambia anachopenda kusikia, naye hana pa kukuhakiki. Kura ikihamia kwenye simu, ulinzi huo haupo tena, na hakuna usimbaji, yaani kuficha data kwa mahesabu, unaomwondoa mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa asiyeona anayetaka kupiga kura bila kusomewa na mtu, kwa raia aliye ng'ambo, kituo cha kura ni kama hakipo. Tena si kila uchaguzi una wababe wa kuwabana wapiga kura. Mtafiti Ben Adida alipotoa Helios, mfumo wake wa kura ya mtandaoni, mwaka 2008, alisema wazi kwamba ni wa vyama vya wanafunzi na vikundi vya namna hiyo, hata akauwekea kitufe cha "Nishurutishe!" ili asiwepo wa kujidanganya kwamba unazuia kubanwa. Laiti wauzaji wote wa mifumo wangekuwa wakweli hivyo.

Estonia, inayopiga kura mtandaoni tangu 2005, ina dawa nyepesi: rudia. Mpiga kura anachomeka kitambulisho, anaandika namba ya siri, anachagua. Kama alibanwa, anasubiri aliyembana aondoke, kisha anapiga upya. Inahesabiwa ya mwisho, na tangu 2021 anaweza pia kwenda kituoni siku ya uchaguzi, karatasi ikafuta ya mtandaoni. Hakuna jipya la kujifunza, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kwenye uchaguzi wa bunge wa Machi 2023 kura za mtandaoni zilipita nusu. Ila dawa hii humfaa aliyebanwa kwa saa moja. Anayeishi nyumba moja na anayembana, kitambulisho kikafungiwa kabatini hadi vituo vifungwe, atarudia kwa kutumia nini?

Mwaka 2005 watafiti Juels, Catalano na Jakobsson walipendekeza njia kali zaidi: mpiga kura awe na ufunguo halisi, yaani msimbo wa siri wa kupigia kura, na funguo bandia. Akibanwa, anatoa bandia. Mfumo unaipokea kura, na wakati wa kuhesabu inatupwa bila yeyote kujua ilikuwa ya nani. Kihisabati imekaa vizuri mno. Sasa mchukue mtu aliye peke yake, habanwi na yeyote, aliyekosea herufi moja ya ufunguo wake halisi. Mfumo hauwezi kumwambia "umekosea", maana onyo hilohilo lingemwonyesha mbabe kwamba kapewa bandia. Kwa hiyo naye anapokelewa kama wengine, anafunga kompyuta akiamini kazi imekwisha, na kura yake haipo. Ugomvi kati ya urahisi na ulinzi uko hapa, wala hautatuliwi kwa vitufe vikubwa. Na bado tunamtaka mtu mwenye hofu adanganye bila kupepesa macho. Wangapi wanaweza?

Watafiti wa chuo kikuu cha EPFL nchini Uswisi wamejaribu kupunguza makali hayo. Unafika mara moja kujiandikisha, unaingia kituturini, na mashine inakuchapishia funguo hizo kama hati za karatasi, halisi na bandia. Kwa macho zinafanana. Ni wewe tu unayejua ipi ni ipi. Baadaye unaskani, huandiki, kwa hiyo lile kosa la herufi linaondoka. Linabaki la kusahau hati ipi ni halisi, na hilo si dogo.

Kwa uchaguzi wa kitaifa ningeichagua njia hii kuliko ya Estonia, mahali ambapo kura hununuliwa au wakuu wa kaya huamulia wengine. Lakini bei yake ni ile safari ya kwenda kujiandikisha, na watakaoilipa zaidi ni mgonjwa na raia aliye ng'ambo, walewale ambao kura ya mtandaoni iliombwa kwa ajili yao.