Meya, ukumbi wa sinema na filamu ya Masafer Yatta

Kwa waliopitwa na hii ishu, Machi 2025, siku chache tu baada ya dokyumentari ya No Other Land kubeba Oscar, meya wa Miami Beach kule Florida, Steven Meiner, alitaka ukumbi mdogo wa sinema unaoitwa O Cinema utolewe kwenye jengo la manispaa na ruzuku yake iliyobaki, kama dola 40,000 hivi, ikatwe. Kosa? Kuonyesha hiyo filamu. Imetengenezwa na Wapalestina wawili na Waisraeli wawili, inahusu nyumba zinavyobomolewa Masafer Yatta, kusini mwa Ukingo wa Magharibi, ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na Israel, sehemu ambayo jeshi la Israel liliitangaza eneo la mazoezi ya kijeshi tangu miaka ya 80.

Sasa hoja ya meya siyo ya kutupa. Mji wake una Wayahudi wengi, wanaishi na hofu tangu Hamas ilipoishambulia Israel Oktoba 7, 2023, na pesa ya ruzuku ni kodi yao, anauliza kwa nini walipie kitu wanachokiona ni propaganda ya upande mmoja. Mtu ambaye nduguye aliuawa au alitekwa siku ile utamwambia nini? Usimwambie "hii ni sanaa tu bana", maana hata walioitengeneza hawasemi hivyo, wao wenyewe wanasema ni harakati.

Ila kwenye kodi ndo napomuacha. Waislamu na Waarabu wa mji huohuo nao wanalipa kodi. Halafu ule ukumbi ni mpangaji, na mwenye nyumba akikupangisha fremu haina maana kaidhinisha kila unachouza. Tena hapa mwenye nyumba ni serikali, na katiba ya Marekani inaikataza serikali kumuadhibu mtu kwa maoni yake, kwa hiyo meya alikuwa anajipeleka mahakamani mwenyewe. Mkuu wa ukumbi kwanza alinywea akakubali kuiondoa, kesho yake akageuka, tiketi zikaisha. Machi 19 kwenye kikao watu wakajipanga kuongea, madiwani wengi wakaonyesha hawako naye, akaondoa pendekezo. Na kumbuka filamu hii haikuwa na msambazaji Marekani, yaani ukifunga vikumbi kama hivi umefunga karibu milango yote.

Kuna wanaoleta njia ya kati: onyesheni, lakini na upande wa pili uwepo, baada ya filamu kuwe na mtu wa kujibu. Mi mijadala baada ya filamu naipenda sana, mara nyingine ni mitamu kuliko filamu yenyewe. Lakini ikiwa ni sharti mbona inawaangukia Wapalestina tu? Sijasikia filamu ya Oktoba 7 inaonyeshwa halafu mtu akadai aletwe mzee wa Masafer Yatta kuijibu.

Na kichekesho ni kwamba huohuo mwezi PACBI, kampeni ya Wapalestina ya kususia Israel kitaaluma na kitamaduni, nayo iliikosoa filamu, kwamba ushirikiano wa namna ile unafanya ukaliaji wa Israel uonekane kitu cha kawaida. Kwa meya ni shambulio, kwa PACBI imekuwa laini, na hoja zote mbili huwezi kuzipima kama hukuruhusiwa kuiona. Wakati huo maisha ya kule yanaendelea, siku tano tu baada ya kile kikao mmoja wa waongozaji, Hamdan Ballal, alipigwa na walowezi wa Kiisraeli kijijini kwake Susya, askari wakamkamata, akaachiwa kesho yake. Jeshi linadai alihusika kurusha mawe, yeye anakana.

Kitu kimoja kinanikera katika haya yote na hakimhusu meya. 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipopiga marufuku filamu ya wasichana wawili wanaopendana, sababu ilikuwa maadili ya jamii, na huku Bongo wengi tulishangilia, hakuna aliyeuliza habari za uhuru wa maoni. Meiner naye alisema hivyohivyo, eti filamu haiendani na maadili ya mji wake. Mi mwenyewe nilikuwa kwenye lile kundi la kushangilia.